Deraya: maana ya neno na namna ya kulitumia bila kukosea

Deraya ni kinga ngumu, mara nyingi ya chuma, anayovishwa mtu au kinayovishwa chombo ili ipokee pigo badala ya kilichomo ndani. Shika vitenzi viwili katika maana hiyo: inavishwa, na inapokea. Deraya haipigi, hairushi, haikati. Makosa mengi ya neno hili katika magazeti, tafsiri na vitabu vya historia yanatokana na kusahau hayo mawili.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mfasiri, mwalimu na mwanafunzi anayekutana na gari, meli, askari au hata mnyama "mwenye silaha ya chuma mwilini" na kujiuliza amwiteje kwa Kiswahili. Fuata hatua kwa mpangilio, maana kila moja inategemea iliyotangulia.

Neno lenyewe: matamshi, tahajia na ndugu zake

Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama kawaida: de-RA-ya. Ni nomino ya ngeli ya i-/zi-, haibadiliki katika wingi: deraya hii ni nene, deraya hizi ni nene. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa dal, ra na ain ambao umezaa dir', yaani vazi la chuma la vitani. Mzizi huohuo ndio unaowapa Waarabu wa leo neno mudarraa kwa gari la deraya, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili aliyeko Muscat au Dubai ataona udugu mara moja.

Kiswahili kina ndugu mwingine wa neno hili, naye ni dirii. Waumini wa Kikristo wanalijua kutoka Biblia ya Union Version, Waefeso 6:14, "dirii ya haki kifuani". Dirii ni vazi la kifua la askari wa zamani. Deraya imeanzia kwenye vazi hilohilo, lakini imetanuka: leo inatumika kwa magari, treni, meli na vikosi vizima vya jeshi. Tofauti yao katika matumizi ni rahisi kukumbuka. Dirii haiwezi kuvaliwa na gari. Ukiandika "gari la dirii" umebuni kitu ambacho msomaji hakijui.

Tahajia inayoshikiliwa ni deraya, kwa e. Ukiandika diraya, msomaji aliyepitia madrasa atafikiri unazungumzia elimu ya hadithi, ambako riwaya na diraya ni matawi mawili: upokezi wa hadithi, na uchambuzi wake. Ukiandika Daraya, atafikiri mji wa Syria ulio karibu na Damascus, uliozingirwa kuanzia 2012 hadi 2016. Habari za vita vya Syria ziliwahi kuwa na mji wa Daraya na magari ya deraya katika aya moja, na hapo herufi moja ndiyo inayotenganisha mahali na chuma. Kama programu yako ya kukagua tahajia inapendekeza badiliko lolote kwa neno deraya, likatae.

Deraya pia haina kitenzi chake. Husemi "kuderaya gari". Unasema kulivika gari deraya, au gari limevikwa deraya.

Hatua ya 1: tenganisha deraya na silaha

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na panastahili muda.

Kitu kinaweza kuwa na silaha bila deraya, na kinaweza kuwa na deraya bila silaha. Chukua gari dogo la mizigo lenye bunduki ya rashasha iliyofungwa nyuma, kama yale yaliyojaa Mogadishu kwa miaka mingi. Lina silaha kali, na ni halali kuliita gari la kivita. Lakini milango yake ni bati jembamba lisilofika hata milimita mbili, na risasi ya bunduki inapita upande huu na kutokea ule. Hilo si gari la deraya. Sasa chukua gari la kusafirishia fedha za benki. Limevikwa bamba za chuma pande zote na vioo vizito vya tabaka nyingi, na halina mzinga wala rashasha juu yake. Hilo ni gari la deraya, lakini si gari la kivita. Gari la rais nalo liko kundi hili.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, uliza maswali mawili tofauti. Je, linaweza kushambulia? Je, linaweza kupokea shambulio? Likijibu ndiyo kwa la kwanza tu, andika "gari lenye silaha" au "gari la kivita". Kwa la pili tu, andika "gari la deraya". Likijibu ndiyo kwa yote mawili, "gari la kivita la deraya" ni sahihi, ingawa "gari la deraya" peke yake katika habari za vita hueleweka vizuri.

Ugumu kwa mfasiri ni kwamba katika Kiingereza neno la kuwa na silaha na neno la kuwa na deraya hutokana na shina moja, hata hufanana kwa macho. Mfasiri aliyechoka saa nne za usiku anasoma moja anaandika jingine, na msafara wa mabalozi waliopanda magari yenye vioo vizito unageuka kuwa "msafara wa magari yenye silaha". Hilo si kosa dogo la lugha. Ni madai kwamba mabalozi wameingia nchi ya watu na bunduki.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili chenyewe kimeunganisha mawili hayo kwa makusudi. Waefeso 6:11 inasema "Vaeni silaha zote za Mungu", kisha inataja dirii, ngao, chapeo na upanga. Silaha hapo ina maana ya zana zote za askari, za kujikinga na za kupigania, kwa sababu neno la Kigiriki linalofasiriwa linajumuisha zote. Ni matumizi mazuri ndani ya Biblia na mahubiri. Usiyachukue kama ruhusa ya kuita fulana ya kuzuia risasi "silaha" katika taarifa ya polisi.

Hatua ya 2: tazama nani au nini kimevaa

*Mtu wa zamani.* Kwa askari wa Kirumi, wa enzi za Daudi na Goliathi, au wa vita vya mwanzo vya Uislamu, una maneno matatu tayari: deraya au dirii kwa mwili, chapeo kwa kichwa, ngao kwa kinachoshikwa mkononi. Tofauti ya ngao na deraya isikupite: ngao inashikwa na inaweza kutupwa chini, deraya inavaliwa. Kwa vazi lililofumwa kwa pete ndogondogo za chuma, andika "deraya ya pete za chuma", maana lina umbo tofauti kabisa na lile la bamba. Qurani inamtaja Nabii Daudi kama aliyelainishiwa chuma na kuamrishwa kutengeneza mavazi hayo kwa kupima vizuri maungio yake (Sabaa, aya 10 na 11). Uzito wake haukuwa wa mchezo: vazi la shaba la Goliathi limetajwa kuwa shekeli 5,000, ambazo ni takriban kilo 57.

*Mtu wa leo.* Usimvishe polisi wa leo deraya wala dirii. Neno linalotumika ni fulana ya kuzuia risasi, na wengine husema jaketi. Kichwani ni kofia ya chuma, jina lililobaki ingawa kofia nyingi za kijeshi za sasa zimetengenezwa kwa nyuzi za sanisi zilizoshindiliwa, wala si chuma. Ukitaka usahihi zaidi, "kofia ngumu ya kijeshi" inatosha. Chapeo iache kanisani na kwenye historia.

*Gari.* Hapa deraya iko nyumbani. Lakini gari la deraya si kifaru, na kifaru si kila gari la deraya. Kila kifaru kina deraya. Magari mengi ya deraya si vifaru. Minyororo badala ya magurudumu haitoshi kuwa ushahidi, maana yapo magari ya kubebea askari yanayotembea kwa minyororo, kama M113 ya Marekani, ambayo deraya yake hata si chuma bali ni alumini. Angalia mzinga. Kifaru kina mzinga mkubwa kwenye kichwa kinachozunguka: milimita 100 kwa T-55, milimita 125 kwa T-72. Gari la mapigano la askari wa miguu kama BMP-2 lina minyororo na kichwa kinachozunguka pia, lakini mzinga wake ni wa milimita 30. Na swali la mwisho ni kazi yake: kama milango yake ya nyuma imetengenezwa ili kikosi cha askari kitoke mbio, basi karibu kila mara si kifaru.

Kwa magari mengine ongeza kazi baada ya deraya: gari la deraya la kubebea askari, gari la deraya la upelelezi, gari la deraya la wagonjwa. Magari yenye tumbo lililochongwa kama herufi V, yaliyobuniwa kusini mwa Afrika miaka ya 1970 ili kuhimili mabomu ya kutegwa barabarani, yaite "magari ya deraya ya kuhimili mabomu ya ardhini". Tumbo hilo hutawanya nguvu ya mlipuko pembeni badala ya kuipokea yote chini ya miguu ya abiria. Casspir ni mmoja wa mifano yake, na wanajeshi wa Uganda na Burundi waliitumia Somalia chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Lipo pia gari liitwalo Mamba. Kwa Mswahili mamba yuko mtoni, kwa hiyo andika daima "gari aina ya Mamba", na upatanisho ufuate gari.

Gari la polisi la kurushia maji ya kuwasha, ambalo Tanzania huitwa washawasha, ni kundi jingine kabisa. Linatajwa kwa kazi yake ya kurusha maji. Kama mwili wake umevikwa bamba, hilo ni jambo la kuthibitishwa, si la kudhaniwa kwa kuona waya kwenye vioo. Waya ule ni wa kuzuia mawe.

*Meli.* Manowari ni meli yoyote ya vita, iwe na deraya au isiwe nayo. Neno "meli ya deraya" lihifadhiwe kwa zile ambazo kinga yake ndiyo habari. Ufaransa iliizindua Gloire mwaka 1859, na Uingereza ikajibu mwaka 1860 kwa Warrior, yenye chuma cha milimita 114 kilichopachikwa juu ya mbao za msaji. Machi 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, meli mbili za deraya zilipigana kwa mara ya kwanza, zikapigana kwa saa kadhaa bila hata moja kuizamisha nyingine. Kwenye habari za namna hiyo, ukiandika manowari tu, umemnyima msomaji kiini cha tukio. Katika pwani yetu, Königsberg ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza Unguja Septemba 1914, kisha ikamalizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, inaitwa manowari na inatosha. Ukanda mnene wa chuma unaozunguka ubavu wa meli ya deraya kwenye usawa wa maji unaitwa mkanda wa deraya.

*Mnyama.* Kakakuona ana magamba. Kobe ana gamba. Mamba ana magamba ya mfupa mgongoni. Deraya hapa ni ya kufananisha tu: "magamba yamemfunika kama deraya" ni sentensi nzuri, lakini "deraya ya kakakuona" katika kitabu cha biolojia ni kosa, kwa sababu magamba yake yameota, hayakuvishwa, na yametengenezwa kwa keratini, kitu kilekile kilichomo kwenye kucha zetu. Usichanganye pia gamba na ganda: ganda ni la yai, ndizi na karanga. Armadilo wa Amerika, ambaye Wahispania walimpa jina lenye maana ya kijitu kilichovaa deraya, ni mahali pamoja ambapo neno linahitajika kweli, ukieleza jina lake.

*Vitu vya ufundi.* Hapa acha deraya kabisa. Kebo ya umeme yenye nyaya za chuma zilizosokotwa juu yake ili isikatwe na jembe ardhini ni "kebo yenye kinga ya nyaya za chuma". Fundi akisoma "kebo ya deraya" atacheka au atanunua kitu kingine. Na maelezo yake yawe kamili, maana kinga hiyo ina kazi zaidi ya kuzuia jembe: huunganishwa na udongo wa umeme kwenye glandi, yaani kifungio cha mwisho wa kebo. Tena kebo ya uzi mmoja inayobeba umeme wa mkondo geu hutumia nyaya za alumini badala ya chuma cha kawaida, kwa kuwa chuma hupata joto kutokana na usumaku wa mkondo huo. Zege lenye vyuma ndani ni zege la nondo. Mawe makubwa yanayopangwa ufukweni kuzuia mmomonyoko ni mawe ya kukinga ufukwe.

Hatua ya 3: chagua muundo wa kisarufi

Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha kusema kitu kina deraya. Kina njia tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni -a unganifu: gari la deraya, treni ya deraya, kikosi cha deraya, mlango wa deraya. Hii inataja aina. Itumie unapotaja kitu kwa mara ya kwanza.

Ya pili ni -enye: gari lenye deraya nene, kifaru chenye deraya ya milimita 200 mbele. Hii inafaa pale unapotaka kuiongezea deraya sifa, unene au mahali. "Gari la deraya nene" linasikika kwa taabu, "lenye deraya nene" linateleza.

Ya tatu ni kitenzi cha kutendwa: gari lililovikwa deraya. Itumie pale ambapo kinga imeongezwa baadaye. Gari la kawaida la kifahari lililopelekwa karakana likawekewa bamba na vioo ni gari "lililovikwa deraya". Tofauti hii ina uzito kwa msomaji anayefuatilia usalama, kwa sababu gari lililovikwa baadaye hubeba uzito ambao fremu yake haikuumbiwa, mara nyingi zaidi ya tani moja. Bawaba za milango hulegea, breki huisha haraka, na vioo vya tabaka nyingi huanza kuachana pembezoni na kuwa na ukungu mweupe, hasa kwenye joto la mwambao. Taarifa ikisema "vioo vya gari la deraya vimeingia ukungu", hilo ndilo linalozungumzwa, wala si mvuke wa asubuhi.

Ukiwa na maelezo mawili, deraya hukaa karibu na nomino, kazi hufuata: gari la deraya la kubebea askari. Kinyume chake, "gari la kubebea askari la deraya", kinamwacha msomaji akijiuliza kama ni askari wa deraya.

Hatua ya 4: upatanisho, hasa wa kifaru

Gari ni ngeli ya li-/ya-: gari la deraya limepinduka, magari ya deraya yamepinduka. Katika mazungumzo, hasa Kenya, utasikia "gari ya deraya imepinduka". Kwenye maandishi rasmi shikilia la. Kosa baya zaidi ni mchanganyiko, "magari la deraya", ambalo hutokea mhariri anapobadilisha umoja kuwa wingi na kusahau kiunganishi.

Kifaru ndiye mtihani. Kifaru wa porini ni kiumbe hai na huchukua a-/wa-: kifaru mweusi amezaa, vifaru weusi wanalindwa. Kifaru cha vita ni chombo na huchukua ki-/vi-: kifaru kimeteketezwa, vifaru vimeteketezwa. Vimilikishi vinafuata vilevile: kifaru wetu yuko Ngorongoro, kifaru chetu kimekwama matopeni. Hakuna alama nyingine inayowatenganisha, kwa hiyo upatanisho ndio maana yenyewe. Kichwa cha habari "Vifaru 3 wauawa" kinaita askari wa wanyamapori. "Vifaru 3 vyateketezwa" kinaita mwandishi wa vita.

Tukio moja linafaa kwa mazoezi kwa sababu lina karibu maneno yote. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa. Andika hivi: "Meli ya mizigo Faina ilikuwa imebeba vifaru 33 vya aina ya T-72. Manowari za Marekani ziliizunguka. Iliachiwa Februari 2009, na vifaru hivyo vikashushwa Mombasa." Faina si manowari ingawa imebeba silaha. Vifaru vinachukua vi-. Na huhitaji kuandika "vifaru vya deraya" popote, maana kifaru bila deraya hakipo. Ni sawa na kusema maji ya majimaji.

Kwa watu: "askari wa deraya" ni askari wa kikosi kinachotumia magari hayo. "Askari aliyevaa deraya" ni askari wa zamani mwenye vazi la chuma. Kiunganishi kimoja kinavuka karne kadhaa.

Hatua ya 5: usiahidi kuliko deraya inavyoweza

"Gari lisilopenya risasi" limezoeleka mno magazetini. Kimuundo lina mashaka, kwa sababu risasi ndiyo inayopenya, gari hupenywa. Watetezi wake watakukumbusha saa isiyoingia maji, nao wana hoja, kwa kuwa Kiswahili hukubali mpangilio huo. Hata hivyo "lisilopenyeka kwa risasi" ni safi zaidi, na "la kuzuia risasi" ni fupi zaidi.

Tatizo kubwa si la sarufi. Hakuna kitu kisichopenyeka kwa risasi zote. Kila deraya imepimwa dhidi ya risasi fulani, na mwandishi makini huitaja. Fulana za viwango vya Marekani vilivyozoeleka vya IIA, II na IIIA huzuia risasi za bastola. Kiwango cha III huzuia risasi za kawaida za bunduki kwa bamba gumu, na cha IV huzuia risasi moja ya bunduki iliyotengenezwa kutoboa deraya. Toleo jipya la viwango hivyo limebadilisha majina kuwa HG1 na HG2 kwa bastola, RF1 hadi RF3 kwa bunduki, kwa hiyo utakutana na majina ya aina zote mbili. Fulana laini ya IIIA haizuii risasi ya AK-47. Mwandishi anayekwenda kwenye mapigano akiamini neno "fulana ya kuzuia risasi" bila kuuliza kiwango anaweza kulipa kwa uhai wake, na hapo usahihi wa neno si mapambo.

Vioo vya magari Ulaya hupimwa kwa ngazi za BR1 hadi BR7, risasi kali za bunduki zikianzia kwenye BR5. Magari ya kijeshi ya nchi za NATO yana ngazi 1 hadi 6, na ngazi ya nne ni ya kuhimili risasi nzito ya milimita 14.5 ikipigwa kutoka mita 200. Katika sentensi: "gari la deraya linalohimili risasi za bunduki", au "fulana ya kuzuia risasi za bastola". Neno moja tu la ziada, na habari inakuwa ya kweli.

Maneno yanayozunguka deraya

Unene wa deraya hupimwa kwa milimita. Vifaru vya kwanza vya Waingereza, vilivyoingia vitani katika mapigano ya Somme, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916, vilikuwa na deraya isiyozidi milimita 12. Risasi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo ni "risasi ya kutoboa deraya", na kombora ni "kombora la kuteketeza vifaru". Husemi "kombora la deraya", kwa sababu msomaji ataelewa kombora lililovaa chuma.

"Deraya ya mchanganyiko" ni ile yenye tabaka za chuma, kauri na vitu vingine. "Deraya ya mlipuko" ni visanduku vyenye baruti vinavyobandikwa nje ya kifaru. Kombora linapogonga, kisanduku hulipuka kuelekea nje na kuvuruga nguvu yake kabla haijafika kwenye chuma chenyewe. Kwa kuwa jina lake linaweza kumfanya msomaji adhani ni hitilafu, lifafanue mara ya kwanza. Vyuma vilivyofungwa kama tundu la kuku juu ya vifaru nchini Ukraine ili kuzuia droni, viite "kizimba cha vyuma". Neno la nyumbani limefaa hapo kuliko istilahi yoyote ya kubuni.

Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, Goma au Bukavu, utasikia neno la Kifaransa blindé kwa gari la deraya. Ukinukuu mkazi, hifadhi neno lake kisha weka deraya katika maelezo yako.

Kwa mafumbo, Kiswahili kimependelea ngao na kinga: Mungu ni ngao yangu, elimu ni kinga. "Deraya ya subira" inaeleweka na inaweza kupendeza ndani ya shairi la vita. Katika insha ya kawaida inalemea.

Sentensi za kusahihisha

"Polisi waliovaa deraya walizingira nyumba." Andika: "Polisi waliovaa fulana za kuzuia risasi walizingira nyumba."

"Waasi waliingia mjini na magari ya deraya yaliyofungwa rashasha nyuma." Kama picha inaonyesha magari madogo ya mizigo, andika "magari madogo yaliyofungwa rashasha".

"Balozi aliwasili kwa gari lenye silaha." Andika "gari la deraya", au "gari lililovikwa deraya" kama unajua liliongezewa kinga.

"Vifaru wa jeshi walivuka daraja." Andika "Vifaru vya jeshi vilivuka daraja", na kabla ya kupeleka habari chumba cha uhariri, itazame picha tena: kama milango ya nyuma imefunguka na askari kumi wanashuka, futa vifaru, andika magari ya deraya ya kubebea askari.